Moshi wa Kwanza

Methodi aliinama, akaingiza pua ndani ya ndoo, akavuta pumzi, akabaki hivyo mpaka mlinzi wa ukumbi akakohoa.

"Umepata nini?" aliuliza Daktari Qiu.

"Moshi," alisema Methodi. "Na mafuta. Lakini si mafuta ya mashine, wala si moshi wa kitu kilichoungua."

Ilikuwa asubuhi mjini Louisville, milango ya makumbusho bado imefungwa. Maonyesho ya ufundi wa Kichina yalikuwa yamepangwa jozi jozi: kazi ya kale, na ubavuni mwake kazi ya fundi wa leo. Bakuli la kijani lililochimbwa kaburini lilitazamana na bakuli lililotoka tanuruni mwaka jana. Hariri iliyochoka ilining'inia karibu na hariri iliyokuwa bado inajivuna. Na mwisho wa ukumbi, juu ya meza ndefu, zilisimama ndoo mbili za mbao za wafugaji wa nyika za kaskazini. Ya kale ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Ya pili ilitakiwa kuwa nyeupe, rangi ya mbao iliyotoka kuchongwa. Iliondoka Buffalo ikiwa nyeupe. Ikapita Columbus. Kasha lilipofunguliwa Louisville, ndoo ilikuwa ya kahawia, inateleza mikononi, na inanuka.

Daktari Qiu ndiye aliyeandaa maonyesho yale. Alikuwa mwanamke mfupi wa mvi, na alikwenda mwenyewe mpaka kwenye nyika hizo kuifuata ndoo ile.

"Nilimwona mzee akiikaza pete ya mwisho," alisema. "Amefariki majira ya baridi. Hakuacha nyingine. Mjane wake aliniuliza jambo moja tu: itarudi? Nikamwambia itarudi. Sasa mtu ameichukua, ameniachia hii."

Methodi alizunguka meza. Kampuni ya bima ilikuwa imemtuma kwa sababu alijua kunyamaza, na kwa sababu watu wengi waliopakia na kushusha mizigo ile walizungumza Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila, kule Kasulu.

"Mwizi anayebadilisha kitu hutafuta kinachofanana," alisema. "Huyu amechukua cheupe akaweka cha kahawia, tena akakiacha kinuke. Ama ni mwizi mjinga kuliko wote niliowahi kuwatafuta, ama hakuna mwizi."

"Polisi wana mshukiwa tayari. Dereva aliyetoka Columbus. Wanasubiri ripoti yako tu."

Methodi alilijua hilo. Dereva aliitwa Gatera, mtu wa milima ya Kivu Kusini. Ijumaa ya wiki ile alitakiwa ale kiapo cha uraia. Ripoti ikisema wizi, atashtakiwa, na kiapo hakitakuwapo. Bila kiapo, mke wake Joselyne angeendelea kukaa kambini Nakivale, Uganda, kama alivyokaa tangu siku ya ndoa yao.

Aliigeuza ndoo juu chini, akapiga picha kitako chake kwa simu, akaondoka.

*

Gatera alikuwa Okolona, pembezoni mwa Louisville, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake ya kupanga, nyuma ya maghala. Hakufanya kazi tena. Walimnyang'anya funguo za lori siku kesi ilipoanza. Alikuwa anapaka viatu rangi, na alivipaka kwa ghadhabu, kama vimemkosea.

"Bon, kaka. Uliza."

"Kasha lilifunguliwa wapi?"

"Miye sijue. Miye niko dereva. Banapakia, nafunga mulango, naendesha. Nikifika banashusha."

"Kifungo cha plastiki kilichotoka Buffalo kilikuwa cha bluu. Kilichofika hapa ni cha njano. Vya njano vinapatikana ghala la Reynoldsburg, kando ya Columbus, na vinapatikana kwenye lori lako."

"Donc, basi ni miye."

"Sijasema."

"Polisi balisema. Wewe unasema vilevile, lakini polepole."

Methodi alikaa ngazi ya chini yake. "Ulijua ndani kuna nini?"

"Habatuambiake. Ni namba tu, kasha ya ngapi, kasha ya ngapi. Na polisi nao baliniuliza tu, kitu ya bei kali iko wapi."

"Hukusikia harufu garini?"

Brashi ilisimama. "Lori inanukaka tu. Mafuta, matairi, miguu yangu." Alicheka kidogo, kicheko kikafia njiani.

"Gatera, Ijumaa una kiapo."

"Najua. Joselyne amesha suka nywele kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Namuambia, mama, kiapo si ndege, sitaapa asubuhi ukafika mangaribi. Haskii."

"Basi nisaidie."

Gatera alikiweka kiatu chini. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Andika kama ni miye nilivunja kifungo. Iyo andika. Lakini usiandike niliiba. Mutu gani anaweza kuiba chombo ya maziwa ya mutu mwingine?"

Methodi hakuinua macho. Yeye hakuwa ametamka neno maziwa. Polisi hawakulitamka. Hata kibao cha makumbusho kilisema ndoo ya mbao, basi. Alifunga kalamu yake polepole. Mtu anayesema andika ni mimi, lakini usiandike mwizi, huyo amembeba mtu mgongoni. Swali lilikuwa moja: amembeba nani?

*

Huko Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, theluji ilikuwa imerundikwa kando ya maegesho mpaka ikawa nyeusi. Veridiana, mwanamke wa Kirundi aliyefunga makasha ya maonyesho, alimpokea kwenye chumba cha chakula cha ghala.

"Ulikulia wapi?" aliuliza kabla Methodi hajakaa.

"Mtabila."

"Mtabila! Jirani yangu kabisa, na umekuja mikono mitupu. Hata ndizi?"

"Ndizi za hapa hazina ladha, dada."

"Hilo umelisema kweli. Haya, niulize, halafu nirudi kazini."

Alieleza kazi yake bila kusita. Aliivika ndoo karatasi laini, akailaza kwenye sponji, akafunga kasha mbele ya msimamizi, kifungo cha bluu. Hapakuwa na kilichopungua. Kisha Methodi akamuuliza kama aliwahi kuipiga picha, na kwa mara ya kwanza Veridiana alichelewa kujibu.

"Ni kosa?"

"Mlikatazwa?"

"Tulikatazwa." Aliitoa simu mfukoni, akaitazama kama mtoto wake aliyefanya utundu, akamkabidhi. "Nilipiga tatu. Nilishangaa tu."

Hapo Methodi alianza kumshuku. Mtu anayeiga kitu huanza na picha, na picha ya tatu ilikuwa ya kitako, mahali ambapo hakuna mgeni wa makumbusho anayepatazama. "Kitako ulikipigia nini, dada?"

"Kuonyesha kuwa hakina gundi wala msumari. Nani angeniamini?"

Methodi aliiweka picha ile kando ya picha aliyoipiga mwenyewe Louisville. Ndoo moja nyeupe, nyingine ya kahawia. Lakini katikati ya kitako, kwenye zote mbili, palikuwa na fundo la mti kama jicho lililofumba nusu, na mistari ya mbao ikalizunguka, ikapinda, ikakatika mahali palepale. Fundi anaweza kuiga umbo. Anaweza kuiga pete. Hakuna fundi anayeweza kuuambia mti uote tena vilevile.

Ndoo haikuwa imebadilishwa. Ni ileile. Wizi ulikuwa umekufa pale, juu ya meza ya kulia chakula. Kilichobaki ni kujua nani aliifanya nyeupe kuwa kahawia, na kwa nini dereva alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake.

"Uliwaonyesha akina nani?"

"Kundi letu la akina mama wa maombi. Tuko Buffalo, Columbus, Louisville, kila mahali. Niliwaambia, jamani, kumbe Wachina nao wanakamua! Nikawaambia na fundi wake amekufa, maana ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za mzigo. Wote walicheka. Isipokuwa mmoja, huyu."

Alibonyeza. Sauti ya mwanamke mzee ikatoka kwenye simu, kavu, haina haraka:

"Veridiana mutoto yangu, hiyo haiko ya kucheka. Hiyo ni chombo. Mbona iko nyeupe hivi? Nani aliitoa mu nyumba bila moshi? Bon. Ikifika huku kwangu nitaisalimia."

Methodi aliomba asikie tena. Moshi, na mafuta. Sasa alijua pua yake ilikuwa imekutana na nini: wafugaji wa milimani hawaweki maziwa kwenye chombo kabla hawajakipaka samli na kukifukiza.

"Kwake ni wapi?"

"Reynoldsburg. Mizigo yetu hupumzikia kwenye ghala lao. Mama Nyirabagenzi anafunga makasha kule."

"Ana watoto?"

"Amebakiwa na mmoja, na mjukuu, mtoto wa marehemu binti yake. Huyo mmoja ni dereva wa malori. Gatera."

Methodi alishika paji la uso. Polisi walikuwa wamepitia majina ya wafanyakazi wote wa ghala, wakitafuta linalofanana na la dereva. Kwa Wamarekani, mama na mwana hugawana jina la ukoo. Kwa watu wa milimani, kama kwa Warundi, kila mtoto huzaliwa akapewa lake peke yake. Yeye Methodi alilijua hilo tangu tumboni, na bado alilipita akitazama kama wao.

"Nimemtia matatani?" aliuliza Veridiana. Utani ulikuwa umemtoka wote.

"Sijui, dada," alisema. "Naogopa atakayemtia ni mimi."

*

Aliendesha gari kutoka Buffalo, ziwa la kijivu likimfuata upande wa kulia kwa masaa, akalala njiani, akafika Reynoldsburg kesho yake mchana. Nyirabagenzi alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge begani, na alimsalimia kwa kumshika mabega yote mawili, kama mtu aliyekuwa anangojewa. Alimkalisha, akamletea maziwa ya moto katika kikombe kikubwa chenye picha ya mpira. Kwenye kochi, mjukuu wake Kirezi aliinua mkono kusalimia bila kuondoa macho kwenye simu.

"Nimetoka Louisville, mama. Nimekuja kwa ajili ya ile ndoo."

"Chombo," alisema Nyirabagenzi. "Kunywa kwanza."

Alikunywa. Kupitia kioo cha mlango wa nyuma aliona jiko la kuchomea nyama kwenye kibaraza, na kando yake matawi makavu yaliyofungwa kwa kamba.

"Uliifukizia pale?"

"Ndiyo, pale pale. Miti ya huku si ya kwetu. Nilinusa mingi mbele ya kupata yenye haina uchungu." Hakuwa anakiri, alikuwa anaeleza kazi. "Siku ya Posho, Jumamosi ya kwenu, nilifungua kasha, nikaifunga mu kitenge, nikaileta. Ilikuwa imeanza kupasuka, joto ya ghala ni mbaya. Nikaipaka samli, siku nzima, polepole. Nikaipa moshi. Nikatia maziwa kidogo. Lundi, Jumatatu asubuhi, nikairudisha, nikafunga na ile kifungo yetu ya njano."

"Yalikuwa na ladha ya moto," alisema Kirezi kwa Kiingereza, bado anatazama simu. "Sikuyanywa."

"Hakukunywa," Nyirabagenzi alikubali. "Nilikunywa miye."

"Kwa nini, mama? Ulijua si yako."

Nyirabagenzi alikichukua kikombe kilichobaki tupu.

"Bwana yangu Sebagabo alikuwa anachonga. Akimaliza chombo ananiletea ikiwa nyeupe, anaweka mu mikono yangu, anaenda zake. Moshi ya kwanza ni ya miye. Haikuwa kazi yake, hangeweza hata kuigusa tena mbele sijaimaliza. Siku ile balikuja, balichoma nyumba, balikamata ng'ombe, alikuwa amenipa moja asubuhi ileile. Nyeupe. Nilikimbia nayo. Nikafika ku mutoni, nikashika mukono ya mutoto, chombo ikaenda na maji." Alifuta kitu mezani ambacho hakikuwapo. "Sebagabo balimuua. Na kile cha mwisho alichonga, miye sikukipa moshi. Basi Veridiana anatuma picha, anasema fundi amekufa. Nikasema, na bibi ya kwake hakukuwa na nafasi ya kuipa moshi."

Methodi alikuwa na maswali mengi. Aliuliza moja.

"Gatera alijua?"

"Alisikia harufu mu lori. Alinipigia simu, hakusema kitu. Alilia tu. Nikajua amemukumbuka baba."

"Mama, Gatera anatuhumiwa wizi."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Nyirabagenzi. Alikiweka chini kwa mikono yote miwili.

"Hapana. Aliniambia iko congé, anapumzika kazi."

"Wamemnyang'anya lori. Polisi wanangoja ripoti yangu. Wakimshtaki, Ijumaa hataapa."

"Aliniambia na ofisi ya kiapo iko congé." Alisema vile taratibu, kama mtu anayehesabu uongo wa mwanawe mmoja mmoja na kuupima. "Nikisema ni miye?"

"Ataachwa. Wewe utapoteza kazi. Labda zaidi ya kazi, sitaki kukudanganya."

Nyirabagenzi alisimama, akamwambia Kirezi avae viatu, akachukua koti lake nyuma ya mlango.

"Bon," alisema. "Twende kabla hajaandikisha uongo ingine."

*

Gatera alikuwa amewatangulia makumbusho. Mama yake alimpigia simu njiani, na hakumwambia mengi. Gatera alisimama karibu na mlango wa ukumbi, viatu vyake vinang'aa. Alimtazama Methodi kwa macho mekundu.

"Kaka, nilikuambia uandike miye."

"Nitaandika nilichokiona."

Mama yake alimpita bila kusimama. "Congé," alisema tu, na Gatera akainamisha kichwa.

Daktari Qiu aliwapokea mezani. Methodi aliweka picha mbili kando kwa kando, akamwonyesha jicho la mti, kisha akatafsiri maneno ya Nyirabagenzi, yote, pamoja na mto. Daktari Qiu aliangalia zile picha, akaangalia tena, na uso wake ukafanya kitu ambacho Methodi hakukitarajia. Haukupata nafuu. Ulivunjika.

"Ni yenyewe," alisema. "Ilikuwa yenyewe."

"Ndiyo."

"Mafuta yalikuwa yanatishia hariri. Na nilidhani ni ndoo ya bandia." Alivuta kitambaa kilichofunika meza ya nyuma. "Jana, ulipokuwa Buffalo, niliruhusu isafishwe."

Ndoo ilikuwa pale. Haikuwa nyeupe tena, wala haikuwa ya kahawia. Dawa ilikuwa imeichubua ikawa na rangi ya jivu lililomwagiwa maji, na ufa ambao samli iliuziba sasa ulikuwa wazi, unapita kutoka mdomoni mpaka karibu na jicho.

Mlinzi alisogea Nyirabagenzi aliponyoosha mikono. Daktari Qiu akamzuia kwa kidole. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaishusha puani, akafumba macho. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza iwapo mtoto mgonjwa bado anapumua. Kisha akanusa tena, chini zaidi.

"Mumeiosha," alisema.

Methodi alitafsiri, ingawa haikuhitajika.

"Nitampigia mjane kesho," Daktari Qiu alisema. "Niliahidi itarudi. Nimwambie nini?"

Nyirabagenzi alifikiri. "Umuambie ilikunywa maziwa," alisema. "Siku moja. Mutu alikunywa mule ndani, na ilikuwa ya muzuri. Kingine chote ni ya kwenu kumuambia."

Alimrudishia ndoo. Daktari Qiu hakujua pa kuiweka. Akaendelea kuishika.

Methodi alikaa kwenye kiti cha mlinzi, akafungua kompyuta juu ya magoti. Hakuna wizi, aliandika. Kitu kilichofika ndicho kilichotumwa. Dereva hahusiki. Sentensi tatu, na Ijumaa ya Gatera ilikuwa imerudi mahali pake. Ya nne ilidai jina la aliyefungua kasha. Vidole vyake vilikataa.

Gatera alikuwa amesogea nyuma yake. "Kaka, tafazali. Weka mfanyakazi. Weka mutu wa ghala. Usimuweke."

"Nikificha jina watalitafuta. Wakilitafuta wataanza na wewe."

"Acha baanze na miye."

"Gatera." Mama yake hakupandisha sauti. "Kesho kutwa ni Ijumaa. Utaapa, utapiga simu kwa Joselyne, utamuambia aje. Na usivae shati nyeupe, nyeupe ni ya chombo yenye haijamalizika."

Kisha alimgeukia Methodi, akakifunga upya kitenge begani, kile alichoibebea ndoo, akasimama wima kama mtu aliyeitwa kanisani.

"Weka yangu," alisema. "Andika muzuri, polepole. Nyirabagenzi. Ni hiyo tu. Haiko ya baba, haiko ya bwana, haiko ya mutoto. Ni ya miye peke yangu."

Methodi aliandika. Nyuma yake, Gatera aliuelekeza uso ukutani.